Sentimita 18 za wapi? Maneno kwa mlioanza zamu ya theluji

Ndugu zangu mlioingia zamu ya alfajiri msimu huu, karibuni sana. Mnapanda mlimani gizani, taa kichwani, na bidii yenu haina mjadala. Ila makosa yanayotoka kwenye ripoti zenu za theluji kwa watelezaji wa skii ni yale yale ya waliowatangulia, na anayeyalipia ni mgeni aliyepanga safari kwa kuamini namba moja ya ubaoni. Basi tusemezane bila kuzungushana.

1. Tuanze na kibao cha kupimia, maana kila kitu kinasimama juu yake. Ni mbao nyeupe ya sm 40 kwa 40, imelala sawasawa na uso wa theluji ya jana, mahali palipokingwa na upepo na mbali na mapaa. Pima, futa, kisha kirudishe juu ya theluji mpya. Hilo la mwisho mnalisahau, na kesho yake kibao kiko ndani ya shimo ambalo upepo umelijaza. Jambo jingine: ukipima na kufuta kila baada ya saa 6, jumla ya vipimo vinne itazidi kipimo kimoja cha saa 24, kwa sababu theluji hujishindilia kwa uzito wake yenyewe. Chagueni utaratibu mmoja mkae nao msimu mzima.

Na pimeni uzito, jamani. Bomba lenye mdomo wa sentimita 50 za mraba likitoa theluji ya gramu 60, hizo ni milimita 12 za maji. Kama kina kilikuwa sm 15, mna kilo 80 kwa mita ya ujazo, theluji nyepesi ya kufurahisha. Ikifika 200, mwambieni mgeni mapema kwamba leo mapaja yatawaka.

2. Hili ndilo linaloumiza zaidi. Modeli, yaani programu ya kompyuta ya utabiri wa hali ya hewa, inatoa milimita 18 za maji, kijana anazidisha kwa 10, anaandika "sm 18 usiku huu" na kwenda kulala. Kuzidisha kwake ni sahihi, ripoti yake ni mbovu. Twende taratibu.

Modeli ya dunia nzima kama ile ya ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, huigawa ardhi katika vigae vya kilomita 9 hivi. Bonde na kilele vinapondwa kuwa mwinuko mmoja. Tuseme kigae chenu kimepewa mita 1,650, ilhali lango la lifti liko mita 1,300 na kilele mita 2,600. Tayari namba hiyo si ya langoni wala si ya kileleni. Sasa tazama mwinuko wa nyuzi sifuri, yaani pale joto la hewa linapofika sifuri: jioni uko mita 1,700, alfajiri umeshuka hadi 1,100. Theluji ikivuka mstari huo kwenda chini haigeuki maji papo hapo. Huhimili takriban mita 300 zaidi, na zaidi ya hapo kama hewa ni kavu. Kwa hiyo jioni inaishia mita 1,400, na langoni inanyesha mvua. Ikiwa milimita 10 kati ya zile 18 zimeshuka kabla baridi haijaingia, langoni zote zimekwenda na maji. Nane zilizobaki zinaanguka kwenye hewa ya hasi 1 hivi, kwa uwiano wa theluji kwa maji wa 8 kwa 1 tuseme: sm 6 tu, tena juu ya uso uliolowa ambao ukiganda utakuwa ganda gumu.

Kileleni mambo ni mengine. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo jioni huko ni hasi 6, alfajiri inakaribia hasi 10. Milimita 10 za kwanza zizidishe kwa uwiano wa 10, nane za mwisho kwa 14: jumla sm 21, na mara nyingi zaidi, kwa kuwa mlima huinua hewa na kuikamua. Sm 18 za ubaoni hazikulingana na langoni wala kileleni.

Uwiano wenyewe hauchaguliwi kwa mazoea. Fuwele pana zenye matawi hukua vizuri pale joto ndani ya wingu likiwa kati ya hasi 12 na hasi 18, kwa hiyo kipimajoto cha langoni hakitakwambia kitu; tazama joto la kule juu. Upepo mkali huzivunja njiani na uwiano unashuka. Mahali nako huamua: theluji ya Sierra Nevada ya California, Marekani, inayoletwa moja kwa moja na bahari ya Pasifiki, kwa kawaida ni nzito kuliko ya milima ya Utah iliyo ndani zaidi ya bara.

Tena angalieni mpangilio wa usiku. Baridi ikija mwishoni, nyepesi hulala juu ya nzito na skii huelea. Joto likija mwishoni, nzito hulalia nyepesi: skii zinazama na kunasa, na hatari ya maporomoko ya theluji inapanda. Sm 21 hizo hizo, siku mbili tofauti kabisa.

3. Upepo. Theluji kavu isiyoshikana huanza kuhama kwenye kasi ya km 25 kwa saa hivi. Upande wa joshi hubaki ganda na barafu, upande wa demani hujaa. Ukikanyaga pakaitika kama ngoma, au ufa ukakimbia mbele ya skii zako, rudi ulikotoka na uwaarifu wanaosimamia usalama wa maporomoko ya theluji. Miteremko ya digrii 30 na zaidi usiiingie, wala usipite chini yake.

4. Mawingu ya usiku msiyapuuze. Anga ikiwa wazi, uso wa theluji hupoteza joto na unaweza kuganda hata kipimajoto kikisoma nyuzi 2 juu ya sifuri. Mawingu yakitanda, hasi 1 inaweza kuacha uji. Majira ya kuchipua, ganda hulainika kwanza upande wa mashariki, kisha unaoelekea jua la mchana, magharibi mwisho. Andikeni saa, si "asubuhi".

5. Siku mbili za mwanzo za utabiri toeni sentimita kwa mwinuko. Ya tatu hadi ya tano toeni "kati ya hizi na hizi" kutoka kwenye kundi la matokeo 51, yaani modeli ile ile ya ECMWF ikiendeshwa mara 51 kwa tofauti ndogo ndogo. Zaidi ya hapo semeni mwelekeo tu.

6. Neno "imesawazishwa" peke yake halimsaidii mtu. Theluji iliyopitiwa na mashine huhitaji saa kadhaa za baridi ili chembe zishikane. Iliyosawazishwa jioni huamka imara. Iliyosawazishwa saa kumi na moja alfajiri hufunguliwa ikiwa laini, na kufikia saa nne imeshachimbwa kuwa matuta. Muulizeni dereva wa mashine alimaliza kila njia saa ngapi, kabla hajaenda kulala.