Kwa nini daraja likaguliwe mchana?

Ndugu, umeuliza kwa nini wafunge daraja mchana wa siku ya kazi badala ya usiku. Foleni hiyo inaudhi kweli, nakuelewa. Lakini ufa wa chuma huwa mwembamba kama unywele. Mkaguzi anahitaji mwanga na kuufikia kwa mkono, na gari linalombeba huweza kuziba njia nzima. Silver Bridge ya Marekani ilianguka mwaka 1967 kwa ufa wa milimita 2.5 hivi, watu 46 wakafa, ndipo kanuni za ukaguzi za kitaifa zikatungwa. Ninachokilaumu mimi ni ratiba: wasubiri msongamano wa asubuhi upite, na watangaze mapema, siyo siku ileile. Hilo tuna haki ya kulidai.