Kutoka Bagamoyo hadi Pangani kwa miguu

Ukiuliza kama unaweza kutembea ufukweni kutoka Bagamoyo hadi Pangani, jibu ni hapana: ufukwe huo hautembeki wote moja kwa moja, ingawa kwenye ramani unaonekana kama mstari mmoja wa mchanga. Kaskazini tu ya mji wa Bagamoyo upo mlango wa mto Ruvu wenye mikoko mingi, na mbele yake upo mto Wami, ambao una viboko na mamba na haupaswi kuvukwa kwa miguu hata maji ya bahari yakiwa yamekupwa. Eneo la Wami ni la Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, na humo matembezi ya miguu hufanyika pamoja na askari wa wanyamapori mwenye silaha, kwa sababu tembo, nyati na simba hufika karibu kabisa na bahari.

Mimi nimekulia Bweni, ng'ambo ya mto Pangani upande wa kusini, na kipande ninachokipendekeza kwa moyo wote ni cha kutoka Ushongo, kijiji cha pwani kusini mwa Pangani, hadi Bweni, kwenye kivuko cha kuingia Pangani mjini. Anza maji yanapokupwa, ukikumbuka kwamba wakati huo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na kwamba siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa sana na kuumeza mchanga. Penye miamba au mikoko, panda njia ya vijijini na uwaulize wavuvi kabla ya kuendelea.