Jinsi ninavyozipima nyimbo ngeni kwenye CD ya bure ya jarida la roki na metali

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kwa nini kwenye CD iliyokuja bure na jarida lako umezipenda nyimbo mbili za mwanzo tu, zilizobaki zote ukaziona makelele. Pili, utajuaje kama bendi hizo usizozijua ni mbovu kweli au ni sikio lako tu halijazizoea. CD za namna hii nimezikusanya kwa miaka mingi: za jarida la Metal Hammer, zile za jarida la Terrorizer zilizoitwa Fear Candy, na nyingine ambazo hata jarida lake limeshakufa. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, mwenye haraka apite.

Kuhusu nyimbo mbili za mwanzo, si ajabu. CD ile ni tangazo. Mara nyingi lebo, yaani kampuni zinazotoa rekodi, ndizo zinazolipia nafasi humo, na bendi yenye jina au yenye albamu inayosukumwa mwezi huo ndiyo inayokaa juu. Wimbo unaofungua huwa na kiitikio kinachofika mapema, miksi (uchanganyaji wa sauti za ala) ya gharama, na prodyuza anayejua kazi yake. Huo si uovu, biashara ndivyo ilivyo. Lakini ukisikiliza kuanzia namba moja kwenda chini, unafika namba tisa ukiwa umechoka, tena umeshapewa kipimo na mtu mwenye maslahi. Mimi huzichanganya nyimbo zijipange ovyo, na kijitabu chenye majina na picha nakiweka kando. Picha ya watu waliopakwa rangi nyeupe usoni wakiwa msituni imewahi kunifanya nitabasamu kabla sijasikia hata noti moja, na wimbo hautendewi haki hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. CD inabeba kati ya dakika 74 na 80. Ukitia nyimbo 15 humo, kila mmoja unapata kama dakika tano. Bendi ambayo uzuri wake uko kwenye nyimbo za dakika kumi na mbili hapo imeshaumia: itatoa wimbo wake mfupi kuliko zote, ambao huenda haufanani na nyimbo zake nyingine, au wimbo wake mrefu utakatwa katikati. Ndiyo maana mitindo ya polepole na mizito, ile iliyofunguliwa njia na Black Sabbath, huonekana dhaifu kwenye mikusanyiko ya aina hii, wakati thrashi, ile metali ya kasi, na roki ya redioni zinang'ara.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Chukua nyimbo mbili zinazolingana kwa ubora, moja uipandishe sauti kidogo tu, kiasi ambacho msikilizaji hatambui kwamba imepanda. Atakwambia hiyo ndiyo nzuri: ina besi zaidi, ina uhai zaidi. Watafiti wawili, Fletcher na Munson, walilipima sikio la binadamu na kuchapisha matokeo yao mwaka 1933. Walionyesha kwamba sauti ikishushwa, uwezo wetu wa kusikia besi hupungua haraka kuliko ule wa kusikia sauti za kati. Studio zinalijua hilo. Kwa hiyo nyimbo hubanwa, pale penye unyonge panainuliwa hadi palingane na pale penye nguvu, na wimbo mzima unakuwa ukuta. Mfano maarufu ni Death Magnetic ya Metallica, mwaka 2008. Mashabiki walilalamika sana, hasa walipogundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa Guitar Hero hazikubanwa kiasi kile na zilisikika safi zaidi. Bendi ni ileile na upigaji ni uleule, kilichotofautiana ni jinsi sauti ilivyobanwa.

Kwenye CD ya jarida tatizo hili huwa kubwa zaidi, kwa sababu kila wimbo umetoka studio yake, na si kila jarida hugharamia mtu wa kuzisawazisha vizuri. Mimi huzihamishia kwenye kompyuta, nazipitisha kwenye ReplayGain, kipimo cha ukubwa wa sauti kilichomo ndani ya foobar2000, programu ya kuchezea muziki; inapima kila wimbo na kuzicheza zote kwa kiwango kinachokaribiana. Usipotaka usumbufu huo, shika kitufe cha sauti na usawazishe mwenyewe wimbo mpya unapoanza. Utashangaa. Bendi iliyokuwa inakupiga kifuani itabaki na gitaa lisilo na wazo, na ile uliyodhani imelala itaamka. Usisikilize kwa sauti ya chini mno pia, utazinyang'anya nyimbo hizi besi halafu uzilaumu kwa kukosa besi.

Mtu anaweza kusema: basi tupime rekodi, yenye rekodi chafu tuitupe. Hapana. Mwaka 1982 Brian Slagel, kijana aliyekuwa na kijarida chake cha metali, alikusanya bendi ngeni kwenye santuri aliyoiita Metal Massacre. Wimbo wa mwisho kabisa ulikuwa wa bendi ambayo hata jina lake lilichapwa vibaya kwenye toleo la kwanza, likawa na t mbili zilizofuatana: Mettallica. Rekodi yao ya wimbo huo, Hit the Lights, ilikuwa nyembamba, ya mashine ya nyumbani. Mwaka uliofuata wimbo huohuo, umerekodiwa upya, ndio ulioifungua albamu yao ya kwanza. Aliyesikiliza ubora wa rekodi mwaka 1982 aliuruka. Aliyesikiliza mkono wa kulia wa mpiga gitaa, ule unaopiga nyuzi, alikuwa na kila sababu ya kuurudia.

Na kuna uchafu wa makusudi. Darkthrone, bendi ya blaki metali ya Norwei, waliirekodi albamu yao Transilvanian Hunger, iliyotoka 1994, kwenye mashine inayorekodi njia nne tu za sauti, na ule ukungu wa sauti ni sehemu ya muziki wenyewe. Kwa hiyo ukikuta blaki metali kwenye CD yako inasikika kama inatoka chumba cha pili, kabla ya kuhukumu jiulize kama ukungu unasaidia kitu. Ukiuondoa kichwani, je, wimbo ungebaki na ubaridi wake? Kama chini ya ukungu hakuna hata mfuatano mmoja wa noti unaoshikika, basi ukungu umewekwa kuficha, na hapo unaweza kuuacha bila huruma.

Ninachokitafuta mimi kwanza ni rifu, ile kauli fupi ya gitaa inayorudiwarudiwa na kuubeba wimbo. Baada ya CD kuisha nakaa kimya kidogo, kisha najaribu kuimba kwa mdomo rifu za nyimbo nilizosikia. Zinazokuja zenyewe naziandika. Zisizokuja nazipa nafasi nyingine siku tofauti, maana rifu ngumu hazikai kichwani mara moja. Ila wimbo ukishasikilizwa mara kadhaa na bado hauna hata kipande kimoja cha kuimba kwa mdomo, mimi sirudi tena, hata kama wapigaji ni mafundi wa kutisha.

Halafu drams. Siku hizi rekodi nyingi za metali hubadilisha mlio halisi wa ngoma kwa mlio uliohifadhiwa kwenye kompyuta, na mapigo yakasogezwa yakae sawasawa kwenye gridi ya muda ya kompyuta. Utaitambua kwenye kasi: ngoma ya mguu inalia kama taipureta, kila pigo na nguvu ileile. Sisemi ni dhambi, kuna dethi metali ya kiufundi, ile ya kasi na mapigo tata, ambayo bila hivyo usingesikia kitu kinachoendelea. Lakini kwenye roki ya kawaida, yenye nafasi na mwendo wa wastani, drams za namna hiyo zinaua wimbo, na hapo mimi huwa mkali.

Sauti ya kunguruma ndiyo inayowafukuza wengi, na nadhani ndiyo unayoiita makelele. Usitafute melodi pale, haipo na haikukusudiwa kuwepo. Mchukulie mwimbaji kama mpiga ngoma mwingine: sikiliza maneno yake yanaangukia wapi, mbele ya pigo, juu yake au nyuma. Mngurumaji mzuri hubadilisha urefu wa vipande, ananyamaza pale gitaa linapozungumza, na unaweza kusikia irabu zake. Mbaya hujaza kila nafasi kwa toni moja. Ukishaanza kusikia tofauti hiyo, nusu ya CD yako itahama kutoka kundi la kelele kwenda kundi la "si mtindo wangu", na makundi hayo mawili hayafai kuchanganywa kabisa.

Solo sizizungumzii, kila mtu anazisikia mwenyewe.

Pa kuangalia sana ni nusu ya pili ya wimbo. Ubeti na kiitikio bendi yoyote iliyofanya mazoezi itakupa. Baada ya kiitikio cha pili ndipo inapojulikana kama walikuwa na wazo. Wavivu hupunguza mwendo ghafla ili watu watikise vichwa, kisha hurudia kiitikio na kumaliza. Ukisikia hivyo kwenye nyimbo sita mfululizo, na utasikia, unaanza kuheshimu ile bendi moja iliyothubutu kurudisha rifu ya mwanzo kwa mwendo tofauti, au kukata wimbo mapema kuliko ulivyotarajia.

Kabla ya kununua albamu kwa ajili ya wimbo mmoja, sikiliza nyingine mbili za bendi hiyo. Lebo hailipelekei jarida wimbo wa kawaida, inapeleka ule bora, na albamu nyingi zina wimbo mmoja huo tu.

Umetaja wimbo wa dakika tisa ulioko karibu na mwisho, ambao gitaa linarudia kitu kilekile hadi dakika ya nne ukauzima. Uanze tena, lakini safari hii liache gitaa, fuata besi na drams. Kama vinasogea chini yake, hata taratibu, gitaa limesimama kwa makusudi, vumilia ufike kule wanakokupeleka. Kama navyo vimesimama hadi dakika ya nne, uzime tena, hujakosa kitu. Ukimaliza tuwekee hapa sababu zako kwa kila wimbo, usiweke alama. Nane juu ya kumi hainiambii ninunue nini.