Nimepasuliwa mara nne, mbili kati yake kwa makovu ya nyonga: jibu kwa dada anayeuliza kama arudi mezani

Dada, umesema umeshapasuliwa mara mbili, maumivu ya chini ya kitovu yamerudi, na sasa daktari anataka kukufungua mara ya tatu akate makovu ya ndani, yale yanayonata kati ya viungo, ambayo yamegandisha ovari na utumbo. Unauliza uende au usiende. Mimi nimelala kwenye meza ile mara nne, kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Swali ambalo sikuliuliza mpaka nilipokuwa nimechelewa ni hili: unapasuliwa ili iweje? Kama utumbo umeziba, huna cha kujadili. Kama mirija imenaswa na unatafuta mtoto, hesabu yake ni nyingine. Lakini kama ni maumivu peke yake, soma kwanza yaliyonipata.

Yangu yalianza na kidole tumbo kilichopasuka nikiwa na miaka 19. Usaha ulisambaa, nikafunguliwa kwa mshono mrefu, nikasafishwa, nikapona. Miaka sita baadaye nikatolewa uvimbe kwenye ovari ya kulia. Haukupita mwaka kitu kikaanza kunivuta. Sina neno bora kuliko hilo. Nikinyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati, ni kama mtu kashika uzi huko ndani. Kibofu kikijaa, kunavuta. Nikibanwa na haja kubwa, kunavuta hadi nashika ukuta. Tendo la ndoa nikaanza kulitafutia visingizio.

Ultrasaundi safi, CT (ile picha ya mashine ya mionzi) safi, damu safi. Daktari mmoja akasema ni msongo wa mawazo, nikatoka na vidonge vya usingizi. Baadaye sana ndipo nikaelezwa kwamba makovu haya mara nyingi ni utando mwembamba ambao picha haziuoni. Huonekana kwa uhakika kamera ikiingizwa tumboni. Kwa hiyo mtu asikutishe na picha safi.

Hapa pa kuelewa makovu yanavyotokea ndipo palipobadilisha uamuzi wangu. Ndani ya tumbo kuna ngozi laini inayofunika ukuta na viungo, peritoneo. Ikikwaruzwa, ikikaushwa na taa za chumba cha upasuaji, ikiungua au ikilowa usaha, ndani ya saa chache mwili humwaga fibrini, kitu kinachonata kama gundi. Mambo yakienda vizuri mwili huiyeyusha wenyewe kwa siku chache. Isipoyeyuka, ndani ya wiki moja hivi seli za kovu zimeshaingia na kuanza kufuma, na gundi inageuka kamba. Kamba hiyo huweza kuota hata mishipa ya damu na ya fahamu. Hata unga uliokuwa ukipakwa kwenye glavu ulichangia. Marekani ilipiga marufuku glavu za unga hospitalini mwaka 2017, na makovu haya yalikuwa miongoni mwa sababu. Sasa fikiria: ukikata kamba ile, umeacha kidonda kipya palepale.

Mimi hayo sikuyajua. Upasuaji wa tatu ulikuwa wa matundu madogo na kamera, laparoskopi. Walikuta ovari imeganda kwenye ukuta wa nyonga, na kipande cha utumbo kimejishika kwenye mshono wa zamani. Wakakata. Wiki ya pili nilikuwa natembea kama binti, nilimpigia mama simu nikilia kwa furaha. Furaha ilidumu miezi tisa.

Wa nne niliuomba mwenyewe, kwa kung'ang'ania. Wakati wa kutenganisha, utumbo ukatoboka. Wakaacha matundu, wakanifungua tumbo zima. Siku 11 wodini. Simlaumu aliyenipasua, utumbo ulioganda huwezi kuona unapoishia kovu na unapoanzia utumbo, na hatari hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye fomu niliyoisaini bila kuisoma.

Nikiwa nauguza mshono nikasoma kuhusu utafiti wa Uholanzi uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2003. Wagonjwa 100 wenye maumivu sugu ya tumbo na makovu waliingizwa kamera. Karibu nusu wakakatwa makovu, wengine wakatazamwa tu na kufungwa, na wagonjwa wenyewe hawakuambiwa nani ni nani. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Nilikasirika kwanza. Kisha nikaanza kujiuliza kama ile miezi tisa yangu ililetwa na kisu kweli. Ila ikiwa una endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi inayoota nje yake) chini ya makovu hayo, usichukue utafiti huu kama jibu lako, maana huko kuna ugonjwa wenyewe wa kuondolewa.

Kilichonisaidia hakina utukufu wowote. Daktari wa maumivu alinianzishia amitriptilini, dawa inayotuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, dozi ndogo, usiku. Kinywa kinakauka, asubuhi kichwa kizito, lakini nalala. Akaniachisha kodeini, dawa kali ya maumivu, kwa sababu inafunga choo, na choo kigumu kikipita kwenye utumbo ulioshikwa, unayajua maumivu yake. Jambo kubwa zaidi lilikuwa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi kwa chini. Nilidhani nitafundishwa kukaza. Kumbe misuli yangu ilikuwa imekaza miaka yote hiyo kwa kujihami, nikafundishwa kuilegeza, kwa pumzi, polepole, kwa miezi. Sehemu kubwa ya maumivu niliyokuwa nayaita makovu ilikuwa misuli. Sijapona. Zamani nilikuwa nasema nane kati ya kumi, sasa ni tatu, na siku mbaya zipo.

Kitu kimoja usikivumilie nyumbani: maumivu yanayokuja kwa mawimbi, tumbo linajaa, unatapika, choo hakitoki wala upepo. Huko ni utumbo kuziba. Nenda siku hiyo hiyo, usiku ule ule, usimeze kitu. Kwangu ilitokea mwaka jana. Nikawekwa mpira puani na dripu, na siku ya tatu ukafunguka bila kisu. Kila asubuhi nesi alikuwa ananiuliza mbele ya wodi nzima kama nimejamba. Siku nilipojibu ndiyo, walinipigia makofi.

Ukiamua kwenda, na sitakucheka ukienda, muulize anayekupasua ataweka kizuizi gani ili sehemu zilizokatwa zisigandane tena. Kuna vitambaa vinavyoyeyuka na kuna maji maalumu yanayoachwa tumboni, vinapunguza kuganda ingawa havijathibitika kuondoa maumivu. Na muulize nani atashughulikia utumbo ukitoboka. Akikereka na swali hilo, mimi ningetafuta mwingine.

Kuhusu mumeo kusema unadeka: wangu nilimpeleka kliniki, akaketi, akaonyeshwa picha za kamera. Hakuomba msamaha, lakini ndoo za maji sijazibeba tangu siku ile.

Kabla ya yote, kaombe ripoti ya upasuaji wako wa pili, ile ndefu ya daktari, si kile kikaratasi cha kuruhusiwa. Umeandika kwamba maumivu yako upande wa kushoto. Tazama walikuta nini kushoto. Yangu nilipoisoma kwa mara ya kwanza, makovu yote yalikuwa kulia, na mimi nilikuwa naumia pande zote mbili.