Ofisi inataka kukukata elfu kumi ya hisani kila mwezi? Haya yalinikuta

Mkuu, umeuliza kama ukatae fomu ya HR: elfu kumi kila mwezi iende mfuko wa hisani wa ofisi, pamoja na Jumamosi moja ya kujitolea kila robo mwaka. Nimekaa miaka saba kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu hapa Dar (usiniulize ipi), na miwili ya mwisho nilikuwa katibu wa kamati ya hisani. Fomu kama hiyo nimeisaini, halafu nikaja kuwa mimi ndiye ninayewapelekea wenzangu.

Tuanze na hela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimwachii mwajiri akate mshahara anavyojisikia. Ndiyo maana wanahangaikia saini yako. Mimi elfu kumi haikunisumbua. Kilichonisumbua ni jinsi fomu ilivyopita: meneja alizunguka nayo meza kwa meza, wiki ileile ya tathmini za mwaka. Sasa kijana ambaye muda wa majaribio haujaisha atamwambia nini meneja wake? Tulisaini wote 58. Mwaka uliofuata niliomba fomu itumwe kwa barua pepe, nafasi ya kiasi iachwe wazi, na majibu ayaone mtu wa mishahara peke yake. Karibu nusu walijitoa. Lakini jumla haikuanguka kama nilivyoogopa, maana kuna walioandika elfu hamsini bila kusukumwa na mtu.

Uliza pia risiti inatoka kwa jina la nani. Uingereza tangu 1987 kuna utaratibu wa mfanyakazi kuchangia kupitia mshahara kabla kodi haijakatwa. Kwetu unafuu wa michango ya hisani kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ni wa mwenye biashara, na una kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara hiyo. Wewe wa mshahara, PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) imeshapita, unatoa kilichobaki. Halafu siku ya kukabidhi linatoka lile hundi kubwa la boksi lenye nembo ya ofisi, mapatna (wakuu wenye kampuni) wanacheka na kamera. Mimi nilikuwa nimelishika upande wa kushoto.

Jumamosi yetu ya kwanza tulienda kituo cha watoto upande wa Kigamboni. Mchele, sukari, sabuni, mafuta, na fulana mpya kwa kila mfanyakazi. Fulana zilikula laki nane na kitu, na vyakula havikufika laki tisa. Tulipiga picha, tukapaka rangi ukuta mmoja (vibaya, fundi alikuja kuurudia), saa saba tukapanda basi. Wakati wenzangu wanapanda, mama mlezi akanivuta pembeni. "Mwanangu, si mmesema nyie ni watu wa mahesabu?" Akanionyesha debe limejaa risiti. Mfadhili wake alikuwa amesimamisha fedha mpaka apate hesabu za mwaka, na risiti nyingi za EFD (zile za mashine ya kodi) zilikuwa zimeshafutika, karatasi nyeupe tupu. Ukumbini kulikuwa na sabuni mpaka darini.

Nilirudi Jumamosi nne mfululizo na kijana mmoja wa ofisini, wa idara ya kodi. Hatukuleta programu yoyote. Tulinunua kaunta buku, tukachora safu moja kwa kila mfadhili, maana shida yao kubwa ilikuwa hela ya ada kuliwa kwenye maharage bila kuandikwa. Kwa muuza mkaa asiye na risiti tuliweka vocha ya malipo yenye jina, namba ya simu na saini. Risiti za EFD zikawa zinapigwa picha siku hiyohiyo. Kila mwisho wa mwezi daftari linalinganishwa na taarifa ya benki. Na aliyekuwa anajaza ni binti wa pale kituoni, sisi tunakaa pembeni tunamkosoa. Ningejaza mwenyewe, siku nikihamishiwa mradi wa Mwanza debe lingerudi palepale.

Hapo ndipo nikajichimbia shimo, na wewe lisikukute. Yule mama aliniomba niwe mhazini, nikakubali kwa furaha bila kumwambia mtu ofisini. Asasi isiyo ya kiserikali inatakiwa kila mwaka ipeleke kwa msajili taarifa pamoja na hesabu zilizokaguliwa, na mama, kwa mapenzi yake, akaileta kazi ya ukaguzi ofisini kwetu. Patna alipokuta jina langu kwenye orodha ya viongozi aliniita nikasimama kama mwanafunzi. Huwezi kuwa mhazini wa asasi halafu kampuni yako hiyohiyo ikakagua hesabu zake. Maadili yetu yanakataza, hata kama hakuna anayelipwa senti. Kazi ikaenda kampuni nyingine, na mimi nikaandika maelezo ya kurasa mbili. Kabla hujashika cheo popote, wapelekee jina la asasi wanaoshughulikia uhuru wa wakaguzi pale ofisini.

Swali la mwisho kwa HR: saa za kujitolea zinaandikwa wapi? Kama jedwali lako la saa za kazi (timesheet) halina namba ya kazi hiyo, zitaonekana kama ulikaa bure, na kwenye tathmini hakuna atakayekumbuka Kigamboni. Na wasipange kitu Januari hadi Machi. Wateja wengi wanafunga mwaka Desemba 31, wewe mwenyewe unajua kazi ya ukaguzi inavyobana Februari.

Ukitaka kitu cha kuanza nacho bila fomu yoyote, washawishi waite ofisini watu wa Damu Salama, wale wa kuchangia damu. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake kila minne, unarudi kwenye kompyuta yako na soda mkononi. Kwetu ndiyo siku pekee ambayo hakuna aliyelalamika, ukimtoa meneja mmoja aliyezimia kabla hata ya kuchomwa sindano.

Kwa hiyo mimi nisingekataa, ningeirudisha na maswali. Ukiweza weka hapa maneno ya fomu yenyewe, ficha jina la ofisi, hasa kile kipengele cha namna ya kujitoa. Yetu ilikuwa hainacho kabisa.