Fedha za kutafiti uzee: muuguzi wa Wete aanzie wapi?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi hapa Wete, Pemba, nina shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nataka kufanya utafiti juu ya wazee wanaosahau, maana wengi huletwa kwetu hali ishaharibika, na nyumbani watu wanasema ni uzee tu. Kila siku naona matangazo ya ruzuku za Marekani na Ulaya, sijui nishike lipi. Tena nimepata barua pepe inanialika niwe mzungumzaji mkuu kwenye mkutano wa kimataifa wa masuala ya uzee, ada dola 600. Niende?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hizo dola 600, maana ndizo zinazoweza kukutoka kesho: usilipe. Mzungumzaji mkuu hulipiwa nauli na malazi, hatozwi ada. Na mtu hualikwa hivyo kwa kazi aliyokwisha kuitoa. Wewe kazi yako bado iko kichwani. Barua hizo hutumwa kwa maelfu, na ukitazama vizuri utakuta mkutano huo huo unahusu uzee, meno na kilimo kwa pamoja.

Sasa ruzuku. Wengi wetu tukifungua tangazo jicho huenda kwenye kiasi cha fedha. Nenda kwanza kwenye kifungu cha nani anaruhusiwa kuomba. Chukua mfano wa K43, tuzo ya Kituo cha Fogarty cha NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani), inayoungwa mkono na taasisi kadhaa za huko, ikiwemo Taasisi ya Taifa ya Uzee. Imetengenezwa kwa watafiti chipukizi wa nchi kama zetu. Lakini inadai PhD, MD au shahada inayolingana nazo, inadai uwe na cheo cha kitaaluma au cha utafiti kwenye taasisi ya nchini kwako, na itameza robo tatu ya muda wako wa kazi. Muuguzi wa zamu mwenye uzamili hayumo. Si kwamba hufai, ni mlango wa mtu mwingine.

Jambo la pili ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti: fedha hizi hupewa taasisi, hapewi mtu. Kwa NIH, mwajiri wako lazima awe amesajiliwa kwenye SAM, mfumo wa serikali ya Marekani, apate namba ya utambulisho iitwayo UEI, na kabla ya hapo awe na msimbo wa NCAGE, ambao ni wa kuitambulisha taasisi ya nje ya Marekani, halafu afungue akaunti ya eRA Commons, mtandao wa NIH wa kushughulikia maombi. Mimi niliwahi kumaliza andiko zuri wiki mbili kabla ya dirisha kufungwa, nikidhani taasisi niliyokuwa nayo imesajiliwa. Kumbe usajili ulikwisha muda wake na aliyekuwa na nywila ameshastaafu. Andiko likalala. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mhasibu ni hilo. Ujue pia kwamba Mei 2025 NIH ilitangaza kubadili utaratibu wa fedha zinazopitia taasisi ya Marekani kwenda kwa mshirika wa nje, kwa hiyo usifuate mwongozo wa zamani ulioachiwa na mwenzako.

Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, lina tuzo ya watafiti wanaoanza, hadi pauni 400,000 za gharama za utafiti mbali na mshahara. Iweke kando mpaka uwe na PhD au uzoefu unaolingana nayo. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti wenye makao Nairobi, hufadhili PhD, ila kwa watumishi wa vyuo na taasisi washirika tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmojawapo.

Mpango unaokufaa wewe ni ule wa Atlantic Fellows wa Taasisi ya Kimataifa ya Afya ya Ubongo, GBHI. Ni miezi 12 San Francisco au Dublin, unalipwa posho, na hawadai PhD: wameshachukua wauguzi, waandishi wa habari, hata wasanii. Ukishapita huko, unaruhusiwa kugombea ruzuku yao ya majaribio, kama dola 25,000. Lakini watakuuliza umefanya nini Pemba. Na hapo ndipo pa kuanzia.

Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Matokeo yaliyotoka 2013 yalionyesha ugonjwa wa kusahau, dimensia kwa lugha ya hospitali, kwa asilimia 6.4. Kutokana na kazi hiyo kikapatikana kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa watu wasiopita skuli. Mzee anaambiwa maneno kumi ayakumbuke baadaye, anaulizwa daraja ni kitu gani, kiongozi wa mahali pake ni nani, ataje wanyama kwa dakika moja, kisha apange njiti nne za kibiriti kwa umbo uliloliweka mbele yake. Alama ni 15. Hakuna kalamu anayoshika.

Je, kipimo hiki kinafaa Wete? Hilo ni swali la utafiti kamili, na linahitaji karatasi, nauli na kibiriti. Kiongozi wa mahali kwenu ni sheha, basi uliza jina la sheha. Umri nao utakusumbua. Bibi atakwambia ana themanini, mwanawe atasema sitini na tano, cheti hakuna. Muulize Mapinduzi ya 1964 yalimkuta vipi: alikuwa anachunga mbuzi, kaolewa, au anabeba mtoto mgongoni? Andika jibu lilivyo, hesabu utafanya baadaye. Usimhoji mbele ya wajukuu, watamjibia.

Kibali ni cha kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, Binguni. Usimguse mzee hata mmoja kabla yake, maana data iliyokusanywa bila kibali hakuna jarida litakaloipokea. Na tafuta msimamizi SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Jina lake kwenye andiko ndilo litakalokupa taasisi.

Mikutano itakuja yenyewe ukiwa na matokeo. Ule wa dunia wa IAGG, chama cha kimataifa cha wataalamu wa uzee, ulikuwa wa mtandaoni 2022 chini ya uenyeji wa Buenos Aires, na wa 2026 umepangiwa Amsterdam. Wa GSA, chama cha wataalamu wa uzee cha Marekani, hufanyika kila Novemba. Wa AAIC, wa Chama cha Alzheimer's (aina mojawapo ya dimensia) cha Marekani, ni kila Julai, unafuatilika kwa mtandao, na wana misaada ya nauli kwa waliokubaliwa ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti. Ikisiri hutakiwa miezi mingi kabla, na viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Hesabu na nauli ya Dar es Salaam, kwenda kutoa alama za vidole za viza hiyo.

Andiko lako la kwanza lisizidi kurasa mbili. Nitumie pamoja na fomu ya ridhaa, iwe kwa Kiswahili anachokisema bibi wa Wete, si cha ofisini.