Kusasi nguruwe kwa kundi bila kuangamiza paa

Ndugu yangu wa Makunduchi, nimekuelewa: nguruwe wanakumalizia muhogo, wasasi, yaani wawindaji, wanakuita, nawe unahofia paa nunga, swala wadogo wa msituni, wasije wakafia humo humo. Hofu yako ni ya haki. Paa huyu hupatikana Unguja na misitu michache ya pwani ya Kenya tu, na amehifadhiwa.

Mbwa ndio tatizo kubwa. Hawachagui, na paa akikurupushwa huishia midomoni mwao. Mbwa asiyerudi akiitwa abaki nyumbani. Nyavu msitege kabisa.

Wenye bunduki wasimame mstari mmoja, kila mtu amuone jirani yake, na asihame mpaka filimbi ya kumaliza ilie. Usipige kuelekea wanaofukuza nguruwe watoke kichakani. Mwache mnyama avuke mstari, umpige akishawapita. Kichaka kikitikisika tu, usipige: huenda ni paa, huenda ni mtu. Na kwenye maweni risasi hugonga jiwe ikaruka pembeni, basi piga pale tu ambapo nyuma ya mnyama pana udongo.

Nguruwe aliyejeruhiwa hujificha kisha hushambulia. Subirini nusu saa, wamfuate wazoefu.

Kibali kwanza: anzia kwa sheha, kiongozi wa shehia yako, kisha Idara ya Misitu. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo.